Tathmini ya kijitabu cha midahalo kinachouzwa Mtwara: sura ya Makamu wa Rais wa Yugoslavia

Katika steshenari moja iliyo jirani na soko kuu la Mtwara kunauzwa, kwa shilingi 3,000, kijitabu kilichopigwa chapa kwa kompyuta, kikatolewa fotokopi na kubanwa kwa pini za stepla. Kimekusudiwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, pamoja na wa vyuo vya ualimu, wanaojiandaa kwa midahalo, na mada yake ni nafasi ya Makamu wa Rais katika nchi za muungano. Sura nyingi ni za kawaida. Iliyonifanya nikinunue ni ile ya Yugoslavia, shirikisho la kisoshalisti la jamhuri sita ambalo Rais wake, Josip Broz Tito, aliitembelea Tanzania mwaka 1970. Maandishi ya Kiswahili kuhusu jambo hili ni adimu.

Mwandishi ameanza vizuri. Anaeleza kwamba cheo cha Makamu wa Rais kiliwekwa na Katiba ya mwaka 1963 na kukabidhiwa Aleksandar Ranković, mtu aliyeijenga idara ya usalama wa taifa na ambaye wengi walimhesabu kuwa ndiye mrithi wa Tito. Kurasa zinazosimulia anguko lake ndizo bora kuliko zote: mkutano wa Kamati Kuu ya chama tawala cha kikomunisti kisiwani Brioni, tarehe 1 Julai 1966, tuhuma kwamba idara ile ilitega vinasa sauti hata katika makazi ya Tito mwenyewe, na kujiuzulu kwa Ranković ambaye hakufikishwa mahakamani. Msomaji anaona waziwazi kwa nini Koča Popović, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikalia kiti hicho muda mfupi tu kabla ya marekebisho ya katiba ya mwaka 1967 kukifuta.

Tatizo ni kwamba baada ya hapo kijitabu kinaruka moja kwa moja hadi kifo cha Tito, kana kwamba Makamu wa mwaka 1980 alikuwa na cheo kile kile cha Ranković. Sivyo kabisa. Mwaka 1971 liliundwa Baraza la Urais lenye wajumbe 23, yaani watatu kutoka kila jamhuri, wawili kutoka kila mmoja wa mikoa ya Vojvodina na Kosovo, na Tito mwenyewe. Katiba ya mwaka 1974 ikalipunguza kuwa na wajumbe tisa. Makamu sasa alikuwa makamu wa baraza, si wa mtu, na nafasi hiyo ilizunguka kwa zamu ya mwaka mmoja mmoja kama kata ya maji kisimani. Tito alipofariki tarehe 4 Mei 1980, Lazar Koliševski wa Makedonia alishika uongozi wa baraza kwa sababu zamu ya umakamu ilikuwa yake, na tarehe 15 Mei akampisha Cvijetin Mijatović wa Bosnia na Herzegovina. Kwa maoni yangu, siku hizo 11 zinafundisha zaidi kuliko kisa chote cha vinasa sauti, kwa maana zinaonyesha cheo kilichotengenezwa makusudi ili pasiwepo mrithi.

Hakuna hata sentensi moja kuhusu mwaka 1991, na hili ni pengo kubwa. Mnamo Mei mwaka huo Stipe Mesić wa Kroatia, aliyekuwa Makamu, alinyimwa kura za kutosha za kuwa Rais wa baraza wakati zamu yake ilipofika, akathibitishwa wiki kadhaa baadaye vita vikiwa vimekwisha kuanza Slovenia, mojawapo ya zile jamhuri sita. Mpango wa zamu ulitegemea kila upande ukubali kumpisha mwenzake, na sharti hilo halikuwa limeandikwa popote penye nguvu.

Ulinganisho na Tanzania nao umefanywa kwa haraka. Tangu uchaguzi wa mwaka 1995, ambapo Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi hapa hapa mkoani kwetu, aligombea pamoja na Dkt. Omar Ali Juma, Makamu wetu huchaguliwa kama mgombea mwenza. Ndiyo maana Mama Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021 alichukua muda wote uliosalia wa kipindi cha urais, tofauti na Koliševski aliyemalizia zamu tu. Mwanafunzi atakayesimama ukumbini na kudai kwamba vyeo hivi viwili vinafanana atajibiwa kwa urahisi.

Kuhusu uchapaji, ramani ya jamhuri sita imefifia kiasi kwamba Montenegro haionekani, na nakala niliyopewa kwanza ilikuwa na ukurasa uliorudiwa, ingawa muuzaji aliibadilisha bila ubishi. Kwa bei hiyo bado ninashauri kinunuliwe kwa ajili ya kurasa za Ranković. Mwalimu atakayekitumia darasani aongeze mwenyewe miaka ya 1971, 1974 na 1991 kabla ya kukigawa.