Kusokota au kubana kwa protini: DNA ya bakteria wa kipindupindu

Goma inamjua huyu bakteria. Julai 1994 aliua maelfu ya wakimbizi waliokuwa kandokando ya mji. Kromosomu zake 2 zikinyooshwa zinapita milimita 1, na seli yenyewe ina mikromita chache tu. Zinatoshaje humo ndani?

Njia ya kwanza ni kusokota. Kimeng'enya kiitwacho jirasi hukata nyuzi zote mbili za DNA, hupitisha kipande kingine katikati kwa nguvu ya ATP (molekuli ya nishati ya seli), kisha huziunga tena. DNA hujizungusha yenyewe kama kamba iliyosokotwa kupita kiasi. Siprofloksasini, dawa ya kawaida katika famasi za Birere, mtaa wa Goma, hukinasa kimeng'enya hicho kikiwa kimeshakata na hakijaunga. (Baadhi ya bakteria wameshakuwa sugu, kwa hiyo usijinunulie ovyo.)

Ya pili ni protini. HU hupinda DNA, basi. H-NS ndiyo yenye mambo: hushikamanisha sehemu mbili za DNA na hapohapo huzima jeni, zikiwemo za sumu ya kipindupindu. Bakteria akishaingia utumboni, protini nyingine, ToxT, huiondoa H-NS kwenye jeni hizo, na kuhara kunaanza. Kwa nguvu, ushindi naupa jirasi. Kwa ujanja, mimi naipa H-NS.