Taa ya UVB na mjusi wangu aliyedhoofika: uzoefu wa miezi minne Mombasa

Shwari aliingia nyumbani kwetu Tudor akiwa na gramu 210. Ni mjusi mwenye ndevu, yule ambaye asili yake ni sehemu kame za bara la Australia, dume lililokomaa. Wenzake wa kimo chake huwa kati ya gramu 300 na 500. Familia iliyokuwa ikihama ndiyo iliyomwacha kwangu, pamoja na karatasi zake. Shina la mkia lilikuwa limenywea, mifupa ya nyonga imetokeza, utosi umebonyea pande zote mbili. Akijaribu kutembea, miguu ya mbele ilitetemeka. Usiku ule nililia.

Njaa tupu haikuwa sababu. Wenyewe walimpenda na walimlisha, tena walimweka karibu na dirisha ili apate jua la asubuhi. Nilipomweleza daktari wa mifugo, aliniuliza, "Mwanangu, hilo jua linampata mwilini au linapitia kiooni?" Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu miale yote ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Mjusi asipopata miale hiyo, ngozi yake haitengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu anayokula haimfai kitu. Mwili unaanza kuichota mifupani. Taya hulainika, miguu hutetemeka, mnyama anashindwa hata kutafuna.

Ndipo nikanunua taa ninayoizungumzia hapa: tyubu ndefu ya UVB pamoja na kishikio chake, shilingi 7,500 na nauli juu. Mtu atauliza, taa ya nini na jua la Mombasa lote hili? Swali zuri. Jua la moja kwa moja linaishinda taa yoyote, na Jumapili asubuhi huwa namtoa barazani nikiwa nimekaa naye. Lakini siku za kazi siwezi kumwacha nje. Kunguru wa mji huu mnawajua, na mjusi asiye na nguvu kwao ni kitoweo. Kisha ikija masika, wiki nzima yaweza kupita mawingu matupu.

Nimeifunga ndani ya kizimba, kama sentimita 30 juu ya jiwe analootea, kwa sababu wavu wa juu nao hula sehemu ya miale. Inawaka saa 12 kwa siku. Joto haitoi la maana, kwa hiyo lazima uwe na balbu nyingine ya kupasha jiwe hadi nyuzi 40 hivi, na upande wa pili ubaki wa baridi ili achague mwenyewe.

Taa peke yake haikumponya, nisiwadanganye. Daktari alikataa nimshindilie chakula. Siku za kwanza ilikuwa maji, tone kwa tone juu ya ncha ya pua ili alambe, na kalsiamu ya maji aliyonipimia yeye. Baadaye nyenje wadogo, mmoja asizidi upana ulio kati ya macho ya Shwari, nikiwatikisa kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu kama unavyopaka samaki unga kabla ya kukaanga. Nawanunua kwa mfugaji. Panzi wa kuokota shambani nawaogopa kwa sababu ya dawa za wadudu. Mboga natoa soko la Kongowea: sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, boga, bamia kidogo. Mchicha nimeupunguza sana, una oksaleti inayoishika kalsiamu kabla mwili haujaipata.

Wiki ya tatu mtetemo ulipungua. Mwezi wa pili alianza kukimbiza nyenje mwenyewe. Leo mizani ya jikoni inasema 318.

Kasoro zipo. Kishikio ni chepesi, na chumvi ya hewa yetu imeshaanza kukitia kutu pale tyubu inapoungana na umeme. Kila wiki mbili nazima, nachomoa, nafuta kwa kitambaa kikavu. Muuzaji hakuniambia pia kwamba tyubu huendelea kung'aa hata miale ya UVB ikiwa imekwisha. Hilo limenikera, maana mtu angekaa mwaka wa pili akidhani mnyama wake yuko salama. Nimebandika tarehe ya kuwasha ubavuni mwa kishikio, na ikifika miezi 12 nabadilisha, iwake isiwake. Na kabla ya kulipa, hakikisha ni ya volti 240, kuna zinazoletwa za volti 110.

Naipa nyota nne kati ya tano.

Juzi kunguru alitua kwenye nondo za dirisha. Shwari akapanda juu ya jiwe, akazivimbisha ndevu zikawa nyeusi tititi, akamkazia macho mpaka akaruka.