Fremu za nishani na sare za zamani Moshi: mbao safi, gundi ya kuogopa

Karakana hii iko mitaa miwili kutoka soko kuu la Moshi. Kazi yake ya kila siku ni fremu za picha za harusi, vyeti vya chuo na vioo vya saluni, lakini siku hizi familia na wakusanyaji wanapeleka humo nishani za vita na makoti ya maafisa wa zamani ili yawekwe kwenye fremu za boksi. Moshi ina sababu ya kuwa na vitu hivyo. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, aliweka makao yake hapa hadi majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoingia Machi 1916, na baadaye vijana wa Tanganyika waliandikishwa batalioni ya 6 ya King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Tanganyika Rifles mwaka 1961. Yaliyobaki kwenye masanduku ya mababu ndiyo yanayofika mezani kwa fundi.

Jina la karakana hatulitaji, maana kasoro zinazoelezwa hapa utazikuta kwa mafundi fremu wengi wa Moshi na Arusha. Si uzembe. Fundi amejifunza kufremu karatasi, nawe unamletea fedha, shaba, pamba na hariri, vitu ambavyo hewa ya ndani ya boksi lililofungwa inaweza kuviharibu kwa miezi michache.

Tuanze na wanachokiweza. Kwa mbao hawana mpinzani karibu. Mkangazi na mninga vimekauka vizuri, kona zimekatwa nyuzi 45 na zimekutana bila mwanya hata wa kupitisha ukucha, msasa umepigwa hadi ndani ya mfereji wa kioo. Kioo ni cha milimita 3, kinakatwa hapohapo. Kwa nishani tano za safu moja agiza boksi lenye upana wa ndani wa sentimita 30, kimo 25 na kina 4. Kina hicho kinatosha ubao wa nyuma, kitambaa, nishani yenyewe, na bado inabaki nafasi kati ya nishani na kioo. Nafasi hiyo isipungue milimita 5. Nishani ikigusa kioo, unyevu wa asubuhi unaganda pale pale inapogusa, na doa linaanzia hapo.

Matatizo yako nyuma ya kioo.

La kwanza ni silikoni. Wanashikilia kioo kwa silikoni ya kawaida ya bomba, ile yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki inayotoka silikoni ikikauka, na boksi likifungwa siku hiyohiyo mvuke unabaki ndani na nishani. Shaba hushika kutu ya kijani kwenye mikunjo ya herufi na kwenye pete ya kuning'inizia, mahali ambapo hutaiona mapema. Mwambie fundi akibane kioo kwa vijiti vya mbao na skrubu ndogo, bila silikoni kabisa. Wanaweza, na ni kazi ya nusu saa tu.

La pili ni ubao wa nyuma. Wanatumia hadibodi au MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi. Zote mbili hutoa mvuke wa asidi kwa muda mrefu, na MDF huongeza fomaldehidi. Badala yake nenda kwa watengeneza mabango, ununue bodi ya plastiki yenye vijibomba ndani, ile ya matangazo ya viwanja, unene wa milimita 4 au 5. Hiyo ni polipropilini. Haitoi asidi na sindano inapita. Hata mbao nzuri ya fremu ina mvuke wake kidogo, hivyo pande za ndani za boksi zifunikwe kwa utepe wa alumini wa mafundi friji. Roli moja inatosha fremu nyingi.

La tatu ni kitambaa. Karakana inapenda velveti nyekundu, na kwa macho inapendeza kweli. Lakini rangi ya velveti ya bei nafuu huchuja ikipata unyevu, na chini yake wanaweka sponji, ambayo baada ya miaka hugeuka unga unaonata. Wengine huomba kitambaa cha sufu kwa kuwa kinafanana na sare. Sufu ina salfa, na salfa ndiyo inayoigeuza fedha kuwa nyeusi. Chukua marekani isiyotiwa rangi, ifue mara mbili kwa maji ya moto bila sabuni ya kulainisha nguo, ikauke kabisa, kisha uivute juu ya bodi ya plastiki na kuishona kwa nyuma.

Halafu gundi, na hapa hatuna uvumilivu. Fundi hugeuza nishani, hupaka gundi ya viatu nyuma ya utepe na tone jingine katikati ya nishani yenyewe, kisha hubonyeza. Tumeiona kwenye fremu iliyosubiri mwenyewe dukani: Burma Star ya shaba, nyota ya Waingereza kwa waliopigana Burma, na mgongoni duara la gundi ya kahawia lenye alama ya kidole gumba. Utepe wa namna hiyo hautoki tena bila kuchanika. Nyuma ya nishani gundi inaweza kulainishwa kwa pamba yenye asetoni, taratibu, lakini rangi ya uzee ya shaba itaondoka nayo na doa jeupe litabaki. Nishani hushonwa. Uzi wa pamba, mishono mitatu kwenye mkunjo wa juu wa utepe, kisha vitanzi viwili vya uzi wa poliesta kwenye pete ya kuning'inizia ili uzito usivute utepe. British War Medal, nishani ya Waingereza ya vita ya kwanza ya dunia, ni fedha na ina uzito unaosikika mkononi. Utepe wa hariri wa zaidi ya miaka mia moja hauwezi kuubeba peke yake ukutani. Fundi cherehani yeyote anaweza kushona hivyo. Vizuri zaidi ushone mwenyewe nyumbani, upeleke ubao ukiwa tayari, karakana ibaki na kazi ya mbao na kioo.

Nishani zikipangwa zina utaratibu wake, nao wanaukosea kwa sababu wanapanga kwa ukubwa. Anza kushoto kwako unapoitazama fremu. Kwa vita ya kwanza: 1914–15 Star, British War Medal, Victory Medal. Kwa vita ya pili, askari wa KAR aliyepigana Afrika kisha Burma huwa na 1939–45 Star, Africa Star, Burma Star, Defence Medal, War Medal. Nishani ya ushujaa ya afisa, kama DSO, hutangulia zote hizo. Peleka picha ya mpangilio, au weka kikaratasi chenye namba kwenye kila moja. Tepe nazo zina vipimo: ya Victory Medal ina upana wa milimita 39, ya British War Medal 32. Fundi akikata utepe mpya wa upana mmoja kwa zote, aliyezoea nishani ataliona kosa akiwa mlangoni.

Wana pia ofa ambayo tunaomba uikatae kwa sauti, kabla hujaacha mzigo: wanang'arisha nishani bure kwa Brasso. Brasso ina unga wa kusugua na amonia. Unga unakula nywele za mfalme, herufi za ukingo na rangi ya uzee ambayo mkusanyaji analipia. Amonia nayo huweza kupasua aina fulani za shaba. Nishani iliyosuguliwa hairudi. Kama ina uchafu wa mafuta, tumia maji safi yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri, na brashi laini ya nywele. Soma chupa kwanza, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo. Utepe usilowe. Kausha kwa kitambaa cha pamba, usishike kwa vidole vitupu.

Kuhusu sare, ushauri wetu ni mfupi: usiiweke koti zima la afisa kwenye fremu hapo. Wanalibana kwa pini mabegani, na koti la khaki au la sufu linaning'inia kwa uzito wake wote mpaka mishono ya bega inaachia. Fremu ifanywe kwa epuleti (vipande vya begani vya cheo), kola na kofia. Koti likae kwenye hanga iliyofungwa pamba ya poliesta na kuvalishwa marekani, mabega yawe ya mviringo. Vifungo vya shaba vya sare za khaki mara nyingi havijashonwa. Vimeshikwa kwa pete ndogo nyuma ya kitambaa ili vitolewe koti likifuliwa. Vitoe, au weka karatasi ya plastiki ya poliesta kati ya kifungo na kitambaa, la sivyo kutu ya kijani inaingia kwenye nyuzi. Nyuzi za dhahabu za mabega zisiguswe kwa limau, dawa ya meno wala magadi.

Koti la sufu lenye dalili ya nondo lifungwe ndani ya mfuko mzito wa plastiki, hewa ikamuliwe, liwekwe friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Likitoka, usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, saa 24, ili umande ubaki nje ya mfuko na si kwenye sufu. Nathalini tuiache. Ni sumu kwa watu wa nyumbani na harufu yake haitoki kwenye kitambaa.

Karakana ina kabati la kioo lenye vitu vya kuuza, na hapo nenda na sumaku, lenzi na kipimo cha vernia. Msalaba wa Chuma wa 1914, nishani ya Wajerumani, wa kawaida una vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili za fedha zilizounganishwa kukizunguka. Upana ni milimita 42. Sumaku ishike katikati, na ukingoni uone mstari wa kiungo. Uliokuwa kabatini ulikuwa kipande kimoja kilichomiminwa, bila kiungo, na vitone vidogo kama chunusi kwenye mikono yake. Si wa vita.

Nishani za maafisa wa juu ndizo zinazoghushiwa sana kwa sababu cheo kinapandisha bei. British War Medal ina kipenyo cha milimita 36 na jina hupigwa kwa muhuri ukingoni. Ya afisa ina cheo na jina bila namba ya askari. Mtu akitaka kugeuza ya askari kuwa ya kanali hufuta ukingo na kuchonga upya. Pima kipenyo pande tatu au nne. Pakipungua mahali, ukingo umelambwa na tupa. Kwa lenzi, herufi za muhuri zina kina sawa kote, za kuchongwa zina njia ya patasi. Nyota za vita ya pili zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa jina, kwa hiyo muuzaji akikuambia hii ilikuwa ya brigedia fulani, uzito wote wa maneno yake uko kwenye karatasi, na kama karatasi hakuna, lipa bei ya nyota tupu.

Kwenye koti angalia taji. Hadi 1952 vifungo na alama za vyeo vilikuwa na taji la mfalme, matao yake ya mviringo yakipanda juu. Kuanzia 1953 lilikuja taji la malkia, matao yakibonyea katikati. Koti la pale, linalosemwa ni la kanali wa mwaka 1941, lina vifungo vitatu vya mfalme na viwili vya malkia. Begani lina taji peke yake, ambalo ni cheo cha meja, huku kolani kuna vitambaa vyekundu vinavyoanzia kanali. Kanali ana taji na nyota mbili, luteni kanali taji na nyota moja. Koti lenyewe linaonekana la kweli. Kilichoongezwa ni cheo.

Sare za JWTZ hawapokei, hata iwe ya marehemu mzee wa familia, na wako sahihi. Agosti 2023 Jeshi lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha. Mkusanyaji wa hapa abaki na vya enzi za Wajerumani na Waingereza.

Fremu ya kipimo tulichotaja ni elfu 55, siku nne. Ukileta ubao wako tayari wanapunguza elfu 10. Siku ya kuchukua, inusie kwanza: ikinuka siki, ifunguliwe palepale. Igeuze kichwa chini polepole usikilize kama kuna kinachogonga. Nyuma pawe na skrubu, si misumari, kwa sababu utahitaji kuifungua kila mwaka baada ya masika kukagua kutu na kubadilisha vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu vinavyowekwa ndani ya boksi. Itundike ukuta wa ndani usiopigwa na jua wala mvua kwa nje, na ubandike vipande viwili vya kizibo kwenye kona za chini, ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.