Extension Manager: iulize kabla hujasasisha

Nina duka la kupiga chapa na kuprinti hapa Langoni, Lamu. Mashine za kompyuta ni mbili, zote za Debian, mfumo wa Linux. Programu ninayoisifu ni Extension Manager ya Matt Jakeman, ya kutafuta na kusimamia viendelezi (vijiprogramu vinavyoiongezea skrini ya kompyuta kazi), na hasa sehemu yake moja, msaidizi wa kusasisha, maana ndiyo iliyoniokolea mashine ya pili. Ya kwanza nilikuwa nimeshaivuruga kwa haraka zangu.

GNOME, yaani mazingira ya madirisha na menyu yanayokuja na Debian, haina mstari wa madirisha chini ya skrini. Mpwa wangu anayenisaidia kaunta anautegemea sana mstari huo, kwa hiyo niliweka kiendelezi cha kuuleta. Usiku mmoja nikaipandisha mashine ya kwanza kutoka Debian 12 hadi 13, nikafunga duka, nikaenda kulala. Asubuhi akaja mwalimu na mitihani yake. Binti akafungua faili la pili, la kwanza likajificha nyuma, akawa analitafuta chini ya skrini. "Ami, kazi ya mwalimu imepotea!" Haikupotea, mstari ndio haukuwapo. Lakini mwalimu alikuwa na mashua ya Faza ya kuwahi, na maji yakishapwa mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vizuri. Nilimwonea haya sana.

Kila kiendelezi kina faili liitwalo metadata.json, na ndani yake mwandishi hutaja matoleo ya GNOME anayoyakubali. Toleo jipya hutoka kila miezi sita. Lisipotajwa, kiendelezi hakiwashwi. Debian 12 ina GNOME 43, Debian 13 ina 48. Nikalifungua faili, nikaongeza 48 kwa mkono. Ujanja huo hufaa pengine matoleo yakikaribiana, ila mimi nilikuwa nimeliruka la 45, lililotoka Septemba 2023 na kubadili jinsi msimbo wa kiendelezi unavyoziita sehemu za GNOME. Cha zamani lazima mwandishi akiandike upya. Nikatoka, nikaingia tena: kosa jekundu.

Basi nikaipakua Extension Manager kutoka Flathub, ghala la mtandaoni la programu za Linux, kwenye mashine ya pili. Unafungua msaidizi wa kusasisha, unachagua toleo unalotaka kwenda, nayo inakuonyesha kiendelezi kipi kinaliunga mkono na kipi bado, kabla hujagusa kitu. Kwangu ilichukua muda mfupi kuliko kuprinti ukurasa mmoja. Humo humo unatafuta kingine, unakiweka, unakizima. Nimechukua kiitwacho Dash to Panel, na kwenye mashine ya kwanza mstari umerudi pale pale jicho la binti lilipouzoea.

Ninachokitamani ni kwamba ingejitokeza yenyewe mtu anapoanza kusasisha. Sasa hivi lazima ukumbuke kuiendea, na mwenye duka ana mengi kichwani. Tena jibu lake linatokana na alichotangaza mwandishi. Mimi hukijaribu kila kiendelezi jioni, wateja wakishaondoka.

Kimoja, kile kinachoweka kumbukumbu ya maneno yaliyonakiliwa, msaidizi alisema hakijafika 48. Nimemwandikia mwandishi wake kwa adabu, nikamweleza tunavyokitumia dukani. Mashine ya pili imebaki Debian 12, bado inapata marekebisho ya usalama, na kazi za mwalimu sasa tunazifanyia hapo.