Uzoefu wangu: stashahada ya uzamili ya ualimu wa shule ya msingi

Nimemaliza masomo ya mwaka mmoja ya ualimu wa shule ya msingi, yale ya watu wenye shahada tayari, na kwa kuwa wengi wananiuliza kama yanafaa, nimeona niandike yote mahali pamoja. Yanafaa, tena sana, mradi chuo unachokwenda kina mazoezi ya kufundisha yanayosimamiwa kweli. Kama mazoezi yapo kwenye ratiba tu na hakuna anayekuja kukutazama, bora usubiri nafasi chuo kingine.

Shahada yangu ya kwanza ni ya biolojia. Nilipowaambia watu ninakokwenda, wengi walishangaa: mtu wa chuo kikuu anakwenda kusomea nini tena, hesabu za darasa la tatu? Swali hilo kozi ililijibu mapema. Mkufunzi wetu wa hisabati alitugawia kurasa zilizonakiliwa kutoka madaftari ya watoto, majina yamefutwa. Kwenye ukurasa wangu mtoto ameandika 52 − 27 = 35, chini yake 81 − 46 = 45, kisha 74 − 38 = 44. Zote zimekosewa. Mkufunzi hakutaka tusahihishe. Aliuliza: mtoto huyuhuyu akipewa 90 − 53, ataandika nini?

Ukumbi ulinyamaza, watu wakainamia karatasi. Kumbe mtoto habahatishi hata kidogo. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu: katika kila safu toa tarakimu ndogo kwenye kubwa, haijalishi ipi iko juu. Kwa hiyo ataandika 43. Ukishaiona kanuni hiyo, unajua kwamba kumrudishia zoezi lilelile mara kumi hakumsaidii, kwa sababu ataifanyia mazoezi kanuni isiyo sahihi. Anachohitaji ni kushika vijiti vilivyofungwa kumi kumi, avunje fungu moja kwa mkono wake, aone kumi moja likigeuka mamoja kumi. Baada ya hapo anachora, halafu ndipo anaandika tarakimu. Hatua hizo tatu, yaani vitendo, picha, kisha alama, zinatokana na kazi ya mwanasaikolojia Jerome Bruner ya miaka ya 1960, na tulizitumia mwaka mzima.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kozi hii ipo. Mtafiti wa elimu Lee Shulman aliandika mwaka 1986 kwamba mwalimu ana maarifa ya aina yake ambayo mtaalamu wa somo hana: kujua somo linaeleweka vipi kwa anayejifunza, wapi watu hujikwaa, na mfano gani unafungua mlango. Shahada yangu ilinipa biolojia. Haikuniambia kwamba watoto wengi huamini mmea hula udongo, wala nifanye nini na imani hiyo siku ya somo la mimea.

Upande wa kusoma nao ulikuwa imara. Mwaka 1986 pia, watafiti wa usomaji Gough na Tunmer walieleza kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Tulifundishwa kupima kila kimoja peke yake. Kwenye mazoezi nilikutana na mtoto aliyesoma aya nzima bila kukwama, sauti nzuri, vituo mahali pake, nilipomuuliza habari ilimhusu nani hakuwa na jibu. Nilipoifunga karatasi na kumsimulia habari fupi kwa mdomo, akakwama palepale. Tatizo halikuwa herufi. Bila kozi hii ningempa kadi zaidi za silabi, na zisingemfaa kitu.

Sasa mazoezi yenyewe. Hapa ndipo kozi inapata au inakosa, na mimi nilipata mwalimu mlezi ambaye sitamsahau. Kabla hajaniachia darasa alinikalisha nyuma nimtazame akifundisha, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kuhesabu kimoyomoyo sekunde kati ya swali lake na jina la mtoto anayemwita. Mtafiti Mary Budd Rowe alishapima jambo hili miaka ya 1970 na kukuta kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na watoto wengi zaidi hujaribu. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni. Kuyaona ni habari nyingine. Mwalimu aliuliza, akanyamaza, macho yakizunguka darasa bila haraka. Mikono miwili mitatu ya kawaida ilipanda. Akaendelea kunyamaza. Ndipo binti mmoja wa pembeni, ambaye asubuhi nzima hakuwa amefungua kinywa, akainua kiganja nusu, kama anayejishauri, na akaitwa.

Baada ya kila somo langu tulikaa wawili kwenye madawati ya watoto na kuzungumza. Hakuanza na alama. Aliniuliza watoto gani wamejifunza, na nimejuaje. Swali hilo la pili ni gumu mno, na nadhani ndilo lililonifundisha zaidi ya mtihani wowote.

Kasoro zipo, na nazieleza wazi kwa sababu wengine wanajiandaa kuingia. Kubwa ni kwamba tarehe za mwisho za kukusanya insha ndefu za nadharia ziliwekwa wiki zilezile za mazoezi. Unatoka darasani sauti imekauka, una madaftari ya kusahihisha, una andalio la somo la kesho na zana za kutengeneza, halafu chuo kinadai kurasa za falsafa ya elimu. Tulilalamika kwa maandishi, tukaambiwa ratiba imeshapitishwa. Si haki, na wanaoumia zaidi ni wenye watoto nyumbani na wanaofanya kazi jioni ili wajilipie ada. Wenzangu wawili wazuri sana waliacha katikati, na naamini wangebaki kama ratiba ingepangwa na mtu anayejua siku ya mwalimu inavyokwenda.

Elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu ilipewa muda mfupi usioendana na uzito wake. Katika darasa lolote utakalopewa kuna uwezekano mkubwa wa kumkuta asiyesikia vizuri, asiyeona ubao, au ambaye herufi zinamsumbua kupita wenzake. Sisi tulipata mihadhara michache na orodha ya vitabu. Muziki, sanaa na michezo vilipitiwa haraka vilevile, ingawa mwalimu wa msingi mara nyingi hufundisha yote. Na fomu ya andalio la somo tuliyopewa ilikuwa na visanduku vingi kiasi kwamba mtu anaweza kuijaza vizuri kabisa bila kumfikiria mtoto hata mmoja.

Kwa wanaouliza kuhusu kusoma kwa njia ya mtandao: saikolojia ya elimu, historia ya elimu na hata upimaji nadhani unaweza kuvisoma vizuri ukiwa nyumbani. Darasa hapana. Lazima pawe na mtu aliyekaa nyuma akakuona unavyosimama, unavyotoa maelekezo, unavyomshughulikia anayemaliza dakika mbili baada ya wenzake kuanza. Na wanaouliza kama mwaka mmoja unatosha, naona unatosha kuanza kazi, hautoshi kuimaliza safari. Ufini wanadai shahada ya uzamili kwa mwalimu wa darasa wa shule ya msingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nikikumbuka tulivyokimbizana na mada, nawaelewa.

Nani asiende? Anayetaka cheti cha kushikilia wakati anatafuta kazi nyingine. Nasema hivi bila kumdharau mtu, maana maisha ni magumu, lakini watoto wa darasa la kwanza wana mwaka mmoja tu wa darasa la kwanza. Kaa kwanza shuleni siku kadhaa kama msaidizi, hata bila malipo, ndipo uombe. Ukiona kelele, kamba za viatu na maswali yasiyoisha vinakuchosha roho na si mwili tu, utakuwa umejiokoa na umewaokoa wao.

Ukishaamua, ulizia chuo mambo haya kabla ya kulipa chochote. Nani atanitazama nikifundisha, na mara ngapi? Baada ya somo tutakaa kuzungumza, au nitaachiwa karatasi ya alama? Nitafundisha madarasa ya chini na ya juu, na katika shule zaidi ya moja? Insha zinakusanywa lini, na mazoezi ni lini? Chuo kizuri kitakujibu palepale. Mwisho kabisa, hakikisha kwamba mamlaka inayosajili walimu mahali unapotaka kufundisha inaitambua stashahada hiyo kwa ngazi ya msingi, maana nyingine humruhusu mtu kufundisha sekondari tu. Uliza mamlaka yenyewe, si ofisi ya udahili, na jibu lake liombe kwa maandishi.