Hali ya hewa au uandishi wa habari: usome nini ili utangaze utabiri kwenye runinga?

Kijana wa Kigoma anayeitamani kazi hii ana njia mbili, na moja iko mlangoni: Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kipo hapa hapa Kigoma. Humo utajifunza kupima mvua na upepo, kusoma ramani za mgandamizo wa hewa, na kutofautisha maeneo ya vuli na masika na yale ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, kama Kigoma na Tabora. Elimu hiyo humwezesha mtangazaji kumweleza mvuvi wa Ziwa Tanganyika kwa nini upepo utakuwa mkali, si kwamba utakuwa mkali tu. Tena mitambo ikigoma ukiwa hewani, bado una la kusema.

Uandishi wa habari unakupa sauti na kuizoea kamera. Kunyoosha kidole palipo Ujiji kwenye kitambaa cha kijani kisicho na ramani, maana ramani huwekwa na kompyuta na kuonekana kwenye runinga tu, si mchezo! Ila utabiri wenyewe utaandikiwa na wengine.

Fizikia na hisabati zikikupiga chenga, nenda habari. Mimi ningeanza na hali ya hewa, sauti nikainolee kwenye redio za mkoani.