Duka la wakala na saiba pale Mariakani: nyota nne kati ya tano

Ukishuka matatu Mariakani na kushika barabara ya kwenda Kaloleni, kuna duka dogo la mabati lenye mashine ya fotokopi mlangoni. Jina silitaji kwa sababu nina la kulalamikia, lakini wa huku wanalijua. Ndani kuna kaunta mbili, moja ya M-Pesa na nyingine ya saiba, yaani kompyuta na intaneti, na anayezishika zote ni dada mmoja mwepesi wa mikono. Shule zikifungwa huwa na kijana wa kumsaidia.

Naandikia kina mama wenzangu wanaopokea pesa za watoto. Mimi nina wawili walio mbali na nyumbani. Kijana yuko Mombasa, Changamwe, anapakua makontena kwenye godauni. Binti yuko Riyadh, kazi za nyumbani, kandarasi ya miaka miwili. Wote walitengenezewa karatasi zao kwenye kaunta hii: PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), cheti cha tabia njema cha shilingi 1,050, na kwa binti, maombi ya pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kijana alimaliza karatasi zake Ijumaa, Jumatatu akawa kibaruani. Za binti zilikula miezi.

Upande wa saiba sina neno. Tulipopeleka barua ya ajenti aliyemtafutia binti kazi ili ichapishwe, yule dada hakuchapa kitu kwanza. Alifungua orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, akatafuta jina, akanigeuzia kioo nilione mwenyewe. Lilikuwepo. Mzazi aliyekuwa mbele yetu la kwake halikuonekana, akafura, akachukua bahasha yake akaenda saiba nyingine. Sisi tulikaa. Mkataba alitusomea kwa Kiswahili kipengele kwa kipengele, na alipofika kwenye siku ya mapumziko akarudia. Akamwambia binti waziwazi kwamba ile sheria ya Saudia ya Machi 2021, iliyowalegezea wageni kubadilisha mwajiri, wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa. "Ukikosana na bosi, usifikirie utavuka barabara uandikwe kwingine kama kaka yako." Kwa hayo yote tulilipa pesa ya kuchapa tu. Kuna ofisi kubwa mjini zinazotoza ushauri na hazisemi nusu ya hayo.

Sasa M-Pesa. Shida ya kwanza ni kwamba pesa taslimu huisha. Mwisho wa mwezi ukichelewa kidogo unaambiwa, "Mama, rudi saa kumi wauza nazi wakishaweka." Nilikuwa naona ni uzembe hadi aliponieleza. Mombasa watu wanaweka ili watume, kwa hiyo wakala wa Changamwe droo inamjaa noti. Huku kwetu wote tunatoa. Kila anayetoa anamwachia dada floti, yaani pesa ya kwenye simu, na kumpunguzia noti, kwa hiyo lazima apande bodaboda hadi benki kuzifuata, duka limefungwa, na sisi tuko kwenye benchi nje tunangoja. Huduma hii ilipoanza mwaka 2007 ilinadiwa kwa watu wa mjini watume pesa nyumbani, na bado ndiyo kazi yake kubwa kwenye kaunta hii. Benchi zima ni wazazi na wake za watu walio Mombasa, Nairobi na Athi River. Wa Saudia, Qatar na Dubai tunahesabika.

Lakini ndio tunaosalimiwa kwanza, na hapo sikubaliani na mji huu. Hebu tazameni hesabu. Kijana hutuma 1,500 na ya kutoa, shilingi 29, mwezi haujaisha ametuma tena. Kwa kila mia, ni karibu shilingi 2 zinazokwenda kwenye makato ya kutoa. Binti hutuma riyali 400. Mapema mwaka 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, riyali hizo zilikuwa zinakaribia elfu 17. Kufikia Agosti mwaka huo dola ilikuwa imeshuka hadi 129 hivi, na kwa kuwa riyali imefungwa kwenye dola, 3.75 kwa dola moja, mimi nikaanza kupokea elfu 13 na kitu. Binti alikuwa anaosha vyombo vilevile na kutuma riyali zilezile. Majirani wakasema amebadilika, ameshapata mwanamume huko. Dada wa wakala ndiye aliyenitolea kikokotoo akanionyesha, nikaenda kuwajibu.

Pesa ya binti ndiyo iliyopandisha kuta za nyumba, hilo silifichi. Ya kijana sisi tunaila: unga, mafuta, daftari. Ila kijana alipofiwa na baba yake mdogo alifika usiku uleule kwa matatu, akashika jembe na wenzake kaburini. Binti alilipa hema na mchele, na mazishi aliyatazama kwenye simu niliyoishikilia juu hadi mkono ukafa ganzi. Mtoto wake aliyeniachia ananiita mama, na mama yake mzazi anamwita kwa jina. Kwenye kadi ya mchango wa matanga mimi naandikiwa 5,000 kabla sijafungua mdomo, kwa sababu nina mtu Saudia. Jirani yangu mwenye wanawe watatu Nairobi anaandikiwa 500. Ukiwajumlisha hao watatu, wanamletea nyingi kuliko ninavyoletewa mimi.

Na hapa ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Yule dada ana sauti. Unaingiza namba ya wakala na kiasi, ujumbe unaingia kwenye simu yake, anatangaza: "Elfu kumi na tatu na mia saba, si ndiyo, mama?" Benchi zima kimya. Halafu kuna kile kitabu cha kutia sahihi. Mstari wako uko chini ya mistari ya waliokutangulia, jina, kitambulisho, kiasi, na atakayekuja nyuma yako atasoma wako akitafuta pa kuandika. Mwezi uliopita sijafika nyumbani, binamu wa marehemu mume wangu alikuwa ameshakaa kibarazani na hadithi ya karo. Nimemwambia dada afunike kurasa kwa kadibodi. Ameitikia, kadibodi sijaiona. Pesa ya Mombasa hutangazwa kwa sauti hiyohiyo, ila 1,500 haimleti mtu.

Ukiwa na pesa kubwa, mpigie simu asubuhi akuwekee noti, na useme unataka za mia tano maana za elfu ukizipeleka sokoni huna chenji. Fotokopi ni shilingi 5. Jumapili hufungua baada ya kanisa. Kivuli hakuna nje, beba mwavuli hata kama hakunyeshi.